Mgeni akija Dar, mpelekeni Feri

Wako watu wamefika Dar es Salaam mara nne au tano na bado hawajaiona bahari. Mama mkubwa ametoka Tabora kuja kumwangalia mgonjwa Muhimbili. Shemeji ametoka Songea kufuata mzigo Kariakoo. Wazazi wa bibi harusi wameshuka Mbezi, kwenye Stendi ya Magufuli, wakiwa na kuku kwenye tenga na gunia la mchele. Wote wanapokewa vizuri. Wanapelekwa Chanika, Mbagala au Kimara, wanapikiwa, wanapewa kitanda kilicho bora kuliko vyote ndani ya nyumba, kisha wanakalishwa mbele ya televisheni hadi siku ya tiketi. Wakirudi kwao na kuulizwa Dar ikoje, wanasimulia foleni.

Wenyeji wana sababu zao. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 5.3, kwa hesabu ya sensa ya 2022, hautembeleki kirahisi, na anayetoka kazini saa mbili usiku hana nguvu ya kumzungusha mtu. Wengine wanaogopa gharama. Neno mtoko likitajwa, akili inakimbilia hoteli za Masaki au ufukwe wenye kiingilio na soda ya bei ya kutisha. Hapo ndipo hesabu inapokosewa, kwa sababu mtoko mzuri kuliko mingi ya jiji hili uko katikati ya mji. Unaanzia Feri, penye kivuko na soko la samaki, unaishia Kariakoo, sehemu kubwa ni kwa miguu, na fedha nyingi zaidi zitakazotoka mfukoni ni za chakula.

Tena jiji hili, tangu mwanzo wake, lilijengwa kupokea wageni. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliamua kuanzisha mji mpya jirani na Mzizima, kijiji cha wavuvi. Alijenga kasri, na karibu yake, kati ya 1866 na 1867, akasimamisha nyumba ya ghorofa kwa mawe ya matumbawe, yenye mlango mzito wa nakshi, iwe malazi ya wageni wake. Mwaka huo wa 1867 aliwaandalia karamu wawakilishi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani waliokuwa Zanzibar. Majid alifariki 1870 na mji wake ukadorora kwa miaka mingi. Kasri halipo tena. Nyumba ya wageni bado imesimama, pale Barabara ya Sokoine inapokutana na Barabara ya Morogoro, na wenye mji wanaiita Boma la Kale. Daladala na mabasi ya Mwendokasi hupita mbele yake kutwa nzima.

Kufika Feri si kazi. Mabasi ya Mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, yanatoka Kimara hadi Kivukoni, na kituo cha mwisho kiko hatua chache kutoka kivuko na soko la samaki. Anayekuja kwa reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo, anashukia mjini kabisa. Mgeni wa Dodoma anaweza kuiona bahari kabla hajaiona nyumba ya mwenyeji wake.

Siku nzuri ni Jumamosi, na saa nzuri ni mapema. Mwenyeji anayemwamsha mgeni saa kumi na moja alfajiri ataonekana mkatili, lakini lawama hizo zinafutika mnadani. Soko la samaki la Feri, kwa sura yake ya sasa, lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani na kufunguliwa mwaka 2002, ingawa biashara ya samaki kwenye fukwe hizi ni ya tangu enzi za Mzizima. Kunapopambazuka mashua na boti zimeshasogea ufukweni, na vijana wanaingia majini hadi kiunoni kushusha matenga. Samaki wanamwagwa kwenye meza za saruji, dalali anapaza sauti, na bei inapanda kwa kasi ambayo sikio geni haliifuati. Wanunuzi wakubwa hawapigi kelele. Mmoja anainua kidole, mwingine anatikisa kichwa, na kolekole mwenye urefu wa mkono wa mtu mzima ameshapata mwenyewe.

Mgeni asiambiwe tu atazame. Aelezwe kinachoendelea, maana soko hili lina mantiki yake, na anayeielewa huondoka na kitu cha kusimulia. Bei ya leo haikuamuliwa na dalali peke yake. Iliamuliwa na mwezi, na upepo, na maji. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo usiku wa giza huleta dagaa wengi na mbalamwezi huwapunguza. Kusi linapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, vyombo vidogo vinashindwa kwenda mbali, na mama lishe wa Buguruni anauona upepo huo kwenye bei ya kibua. Pweza naye ana kalenda yake. Wengi huvuliwa kwa miguu, kwenye miamba, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na kuacha mawe wazi. Fungu likiwa ghali wiki hii, huenda likashuka wiki ijayo bila mtu yeyote kubadili nia.

Kwa wageni wa maziwa, sehemu hii huwa na utamu wa pekee. Mtu wa Kigoma anajua habari ya taa na giza kuliko mwenyeji wake, kwa kuwa dagaa wa Ziwa Tanganyika nao huvuliwa hivyohivyo. Mtu wa Mwanza aliyezoea sato na sangara atasimama mbele ya samaki aitwaye taa, aliyetandazwa mezani kama jamvi, na kuuliza analiwaje. Ghafla aliyekuja kuonyeshwa ndiye anayefundisha, na muuza samaki, ambaye naye aghalabu ana ndugu zake Ukerewe au Kilwa, anaacha kuuza kidogo ili abishane. Mazungumzo ya namna hii hayapatikani sebuleni.

Kununua kuna adabu yake. Asiyefanya biashara aachane na mnada na aende kwa wachuuzi wa rejareja, ambako changu, pono, tasi, chewa, ngisi na kamba wamepangwa kwa mafungu au kwa uzito. Jicho la samaki liwe angavu na limejaa, mashavu yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Harufu iwe ya bahari. Bei ya kwanza ni salamu tu, na kupunguza ni sehemu ya mazungumzo, mradi mnunuzi asimwonee mtu aliyekesha. Kisha wanakuja vijana wa kupara. Kwa malipo madogo kijana anamkamata samaki mkiani, anakwangua magamba kwa mikono inayokwenda kasi kuliko macho, anapasua tumbo, anasuuza, anachanja ubavu mara tatu kila upande ili chumvi na ndimu ziingie. Kazi yote haichukui muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Hapo samaki anapelekwa jikoni. Wakaangaji wa Feri ni watu wa kuheshimiwa. Wanasimama saa nyingi mbele ya makarai mapana yaliyotegwa juu ya moto wa kuni, macho yamewaiva kwa moshi, na wengi wao wanakaanga mzigo wa mama lishe na wachuuzi watakaousambaza Temeke, Ilala na Kinondoni kabla ya mchana. Lakini samaki wako mmoja atapata nafasi yake. Anashushwa kwenye mafuta, yanachemka kwa kishindo, mapezi yanajikunja, ngozi inageuka rangi ya shaba, na mkaangaji anamgeuza mara moja tu kwa chuma kirefu. Akitoka, anawekwa kwenye sahani na ugali au wali, kachumbari, pilipili mbuzi na kipande cha ndimu. Analiwa kwa mkono. Mgeni atakayeomba uma asichekwe, ila atauacha mwenyewe akifika kichwani.

Pembeni kuna pweza. Amechemshwa hadi akawa laini, ana rangi ya zambarau, anakatwa vipande vidogo na kuchomwa kwa kijiti, na supu yake inanywewa kwenye kikombe. Sifa zake kwa wanaume zinajulikana pwani nzima na wauzaji hawazifichi. Akina mama wanaosikia kwa mara ya kwanza hucheka sana, halafu nao huomba kikombe.

Yapo ya kutahadhari, na mwenyeji mwema huyasema kabla ya kutoka nyumbani. Sakafu ina maji, kwa hiyo viatu viwe vya kufunika vidole na visivyoteleza, na nguo nyeupe ibaki kabatini. Watoto washikwe mkono, kwani matoroli na matenga hayasubiri. Simu ikae kwenye mfuko wa mbele. Kupiga picha kuombwe, tena kwa salamu kwanza. Mtu aliye kazini si maonyesho. Na jirani kabisa na soko kuna Ikulu ya Magogoni, ambako kamera haielekezwi kabisa.

Baada ya kula, kivuko. Kwa mkazi wa Kigamboni kivuko ni kero ya asubuhi na jioni, foleni na jasho. Kwa mtu wa Singida ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha majini, ni safari ya baharini, na itazungumzwa kwao kwa miaka. Nauli ya mtu mzima ilipandishwa mwaka 2012 kutoka Sh100 hadi Sh200, na ni vigumu kutaja burudani nyingine mjini kwa fedha hizo. Wanaojua huwaweka wageni wao upande wa mlango wa bandari. Kutoka pale wanaona meli kubwa za makontena zikipita karibu mno kwenye mkondo mwembamba, boti za Zanzibar zikitoka kwa kasi, ngalawa zikikatiza katikati bila hofu, na mji mzima umejipanga ukingoni, minara ya makanisa mbele na maghorofa ya vioo nyuma. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Upande wa pili kuna madafu na mihogo ya kuchoma. Mwenye muda anachukua bajaji hadi fukwe za Mjimwema, ambako watoto wataoga, na anaweza kurudi kwa barabara kupitia Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililozinduliwa Aprili 2016.

Mwenye mgeni mzee arudi kwa kivuko na kutembea polepole kando ya maji, chini ya miti ya Kivukoni. Hii ndiyo sehemu ya mtoko ambayo wenyeji wengi huiruka, nao wanakosea. Ndani ya matembezi mafupi kuna Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, lililoanza kujengwa 1898, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Mbele kidogo liko Boma la Kale, nyumba ya wageni ya Majid. Na jirani yake, kwenye barabara hiyohiyo ya Sokoine, kuna nyumba nyingine kongwe ambayo watu wa Katavi na Rukwa wangepaswa kuonyeshwa kabla ya kitu kingine chochote mjini.

Inaitwa Atiman House. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu wa huko kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Jina la tabibu wa kijijini limebaki kwenye ukuta wa mji mkubwa, mita chache kutoka bandarini. Mgeni aliyetoka Mpanda akilisoma jina hilo mwenyewe, Dar inaacha kuwa mji wa wengine.

Saa sita jua la Dar halina mzaha, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, na mzee asiburutwe. Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, iliyofunguliwa 1940, ina kivuli, viti na mambo ya kutosha kwa saa mbili. Ndiyo inayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, aliloligundua Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959, la kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Uani kuna magari ya viongozi, likiwemo alilotumia Mwalimu Nyerere siku za kudai uhuru, na wazee wengi hukaa mbele ya gari hilo kuliko mbele ya fuvu. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 iko jirani, kwa anayetaka kujinyoosha chini ya mti.

Kutoka hapo njia ya kwenda Kariakoo inapitia Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Si wengi wanaoiunganisha na soko wanaloliendea. Kariakoo ilikuwa kambi ya wapagazi hao, kikosi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps, na jina likabaki mdomoni mwa watu. Kwa hiyo anayetoka kwenye sanamu akavuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo anatoka kwenye kumbukumbu ya wale watu na kuingia mahali walipolala.

Mtaa wa Lumumba uko njiani. Hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mbele yake Kariakoo inaanza kwa kishindo, na mgeni mwenye orodha ya vitenge, kanga, viatu vya wajukuu na betri ya sola hana haja ya kusukumwa. Jengo la soko lenye paa za zege mithili ya miavuli, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa 1975 na likaungua Julai 10, 2021, msiba ambao wafanyabiashara wa pale hawajausahau. Ununuzi ufanywe kwa kiasi. Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi unachosha hata vijana, na mtu aliyeamka alfajiri ana haki ya kusema inatosha.

Vijana, kwa upande wao, wana hija yao. Jengo la Simba liko Mtaa wa Msimbazi, la Yanga liko Jangwani, yanafikika kwa miguu, na mpwa aliyelelewa Sumbawanga akiisikia mechi redioni anastahili picha mbele ya klabu yake. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Familia zilizogawanyika hupiga picha pande zote mbili na kumaliza ubishi kwenye mlo wa jioni.

Mlo huo uwe wa mjini, barabarani. Jua likishuka, majiko ya mkaa yanawashwa kuanzia Kisutu hadi mipaka ya Kariakoo. Mishkaki inachomwa, kuku anapakwa ukwaju na pilipili, urojo unamiminwa juu ya bhajia na viazi, mashine ya miwa inakamua juisi yenye ndimu na tangawizi. Mamboz, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, imejipatia jina kwa kuku wake wa sekela, na meza zake za barazani hujaa mapema. Lakini hata jiko lisilo na jina, lenye watu wengi wanaosubiri, ni dalili nzuri.

Inapofika zamu ya kulipa huwa kuna mvutano, nao ni wa kawaida. Mwenyeji anajiona ana wajibu. Mgeni amefunga noti kwenye pindo la kanga tangu asubuhi akivizia nafasi. Aachiwe jambo moja alipie, madafu au juisi ya miwa, na lisikataliwe. Aliyekuja na gunia la mchele anataka kula na wenzake, hataki kulishwa tu.

Jiji nalo lina deni kwa mtoko huu. Ukingo mzuri namna ile wa Kivukoni una viti vichache kuliko wapitao, na mama mwenye mtoto mdogo huhangaika kupata choo safi kati ya Feri na Mnazi Mmoja. Haya si mambo ya mabilioni. Benchi chache zaidi, bomba la maji na vibao vya Kiswahili vinavyoeleza majengo haya ni nini vingewafaa watu wengi kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu watalii wa kwanza wa Dar es Salaam ni ndugu zetu wa Tabora, Songea na Mpanda.

Mwenye mgeni nyumbani leo, na gazeti hili liko mkononi mwake asubuhi, hajachelewa. Mnada mkubwa umeshapita, lakini samaki wa rejareja wapo mezani, makarai yako motoni na kivuko kinavuka siku nzima. Azime televisheni, amwambie mama mkubwa avae viatu vya kufunika vidole, watoke.